Masisi na Walikale: Usalama unapopunguziwa fedha, raia hulipia barabarani

Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, kuna kodi ambayo haimo katika sheria yoyote ya fedha ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini kila mtu anaijua kwa jina: lala salama. Ukiilipa, wenye bunduki wanaotawala kijiji chako wanakuacha ulale. Usipoilipa, jina lenyewe linakueleza kitakachofuata.

Risiti yake ni jetoni, kipande kidogo cha karatasi ambacho mtu hutakiwa kukionyesha anapokwenda shambani, sokoni au machimboni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vita vya Kongo walieleza katika ripoti zao jinsi kundi la NDC-Rénové, linaloongozwa na Guidon Shimiray Mwissa, lilivyokuwa likitoza faranga 1,000 kwa mwezi kwa kila mtu mzima katika maeneo liliyoyashika. Ni chini ya dola moja ya Marekani. Lakini chukua nyumba yenye watu wazima wanne, hesabu miezi kumi na miwili, unapata faranga 48,000. Hiyo ni kabla hawajaguswa mzigo wa maharage wala mkungu wa ndizi unaopelekwa sokoni.

Kodi hiyo inafaa kukumbukwa kila inapotangazwa kwamba fedha za usalama zinapunguzwa, na tangazo la karibuni ni zito. Oktoba 2025, maafisa wa Umoja wa Mataifa walisema karibu robo ya walinda amani katika operesheni tisa duniani wataondolewa kwa sababu ya upungufu wa fedha. MONUSCO, kikosi kilichoko Kongo, ni mojawapo ya operesheni hizo. Desemba mwaka huo Baraza la Usalama liliongeza muda wa MONUSCO kwa mwaka mmoja zaidi, lakini muda ni kitu kimoja na mafuta ya magari ya doria ni kitu kingine.

Bajeti isiyo na kikao

Mahali pengi duniani, serikali ya mtaa inapotaka kupunguza fedha za polisi au zimamoto, kunakuwa na kikao. Madiwani hubishana, wakaazi hujaa ukumbini, magazeti huandika. Masisi na Walikale hakuna kikao cha namna hiyo, na sababu yake si vita peke yake.

Katika mfumo wa Kongo, wilaya si serikali ya mtaa yenye bajeti yake. Msimamizi wa wilaya ni mtumishi wa serikali kuu. Wenye haki ya kuwa na hazina yao ni uchifu na sekta zilizo ndani ya wilaya. Masisi ina nne: uchifu wa Bahunde, uchifu wa Bashali, sekta ya Osso-Banyungu na sekta ya Katoyi. Walikale, wilaya iliyo kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini kwa eneo, ina sekta mbili tu: Wanianga na Bakano.

Katiba ya mwaka 2006 inaweka polisi na jeshi katika mamlaka ya serikali kuu peke yake. Mkuu wa sekta hawezi kuajiri askari hata mmoja, wala hana kauli juu ya mshahara wa yule anayelinda soko lake. Katiba hiyo hiyo inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa mkoani yabaki mkoani. Kifungu hicho hakijawahi kutekelezwa kikamilifu tangu kilipoandikwa.

Halafu kuna utawala wa kijeshi. Tangu Mei 6, 2021, Kivu Kaskazini na Ituri zimo katika hali ya dharura iliyotangazwa na Rais Félix Tshisekedi. Bunge la mkoa lilisimamishwa, na magavana na wasimamizi wa wilaya wa kiraia wakawapisha maafisa wa jeshi na polisi. Ahadi ilikuwa kumaliza makundi yenye silaha. Makundi hayakuisha, na hatua hiyo iliondoa mahali pekee mkoani ambapo mtu angeweza kusimama na kuuliza: fedha za operesheni zimekwenda wapi?

Masisi ina hasara nyingine juu ya hiyo. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika huko, kama ilivyokuwa jirani Rutshuru, kwa sababu ya vita.

Utajiri wa Wanianga

Anayedhani shida ni kwamba eneo hili ni maskini aitazame Walikale. Bisie, katika sekta ya Wanianga, kuna mgodi wa bati wa kampuni ya Alphamin, mmoja wa migodi mikubwa ya bati duniani. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000. Kabla ya kampuni, wachimbaji wadogo walichimba hapo kwa miaka, na ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kuu pale Kilambo kubeba kasiteriti kwenda Goma, magari yakisubiri pembeni ndege zipite.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: katika kila dola 100, serikali kuu inachukua 50, mkoa 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na sekta au uchifu wenye mgodi 15. Kwa karatasi, basi, Wanianga si sekta fukara. Lakini sheria hiyo inataka fungu la sekta litumike kwa miundombinu ya msingi ya jamii: shule, kituo cha afya, daraja. Ni kifungu kizuri, kiliwekwa ili fedha zisiliwe ofisini. Matokeo yake lakini ni kwamba sekta inaweza kujenga soko jipya na isiweze kumlipa mtu wa kulilinda.

Machi 2025 jambo hilo lilionekana wazi. M23 ilipokaribia, Alphamin ilisimamisha kazi Machi 13 na kuondoa wafanyakazi wake. Machi 19 mji wa Walikale ukaanguka. Mwanzoni mwa Aprili waasi wakaondoka, na Aprili 9 kampuni ikatangaza kuanza tena kazi kwa hatua. Kila siku mgodi uliyofungwa ni siku ambayo hakuna mrabaha wa kugawana, wa Kinshasa wala wa Wanianga. Kwa hiyo usalama na bajeti huko Walikale havitengani: kimoja kikianguka kinakivuta kingine.

Kilomita thelathini

Kuna tukio ambalo kila mjadala wa kupunguza walinzi Walikale lazima ulipitie. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, wapiganaji wa FDLR, wa Mai-Mai Sheka na waasi waliotoka jeshini waliingia katika vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, kikiwemo Luvungi. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa kwa siku nne. Walikuwemo wanaume na watoto.

Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kilomita 30 hivi kutoka Luvungi. Habari haikufika kwa wakati. Wachunguzi walilaumu jeshi na polisi wa Kongo kwa kushindwa kuwalinda watu, na udhaifu wa kikosi cha kimataifa nao ukatajwa.

Baada ya hapo yalifanyika mambo ambayo hayakugharimu mabilioni. MONUSCO iliajiri Wakongo wa kuunganisha kambi na vijiji, watu wanaojua Kinyanga na Kihunde, wanaojua chifu yupi anaaminika na njia ipi imefungwa. Vijiji vilipewa simu na namba ya kupiga. Doria zikaanza kupita siku za soko. Haikuwa dawa ya kila kitu, lakini mwanamke anayebeba mafuta ya mawese kwenda sokoni alijua siku gani atakuta gari jeupe njiani.

Mwaka 2017 kisu kikapita. Machi, Baraza la Usalama lilipunguza idadi ya juu ya wanajeshi wa MONUSCO kutoka 19,815 hadi 16,215. Juni, chini ya shinikizo la serikali ya Donald Trump, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakata gharama za kulinda amani duniani, na bajeti ya MONUSCO ikashuka kutoka zaidi ya dola bilioni 1.2 hadi takribani bilioni 1.14. Ukisoma haraka, ni asilimia nane tu hivi. Lakini kikosi hakiwezi kukata asilimia nane ya kila doria, kinafunga kambi. Kambi tano zilifungwa Kivu Kaskazini. Wakuu wa kikosi walieleza kwamba sasa walinzi hawatakaa mahali pamoja, bali watatumwa kwa haraka panapotokea hatari. Kwenye ramani ya ofisini inaeleweka. Kwenye barabara za Masisi wakati wa mvua, ambako lori linaweza kulala matopeni siku mbili, ni ahadi ngumu.

Ni haki kusema pia kwamba wakaazi wengi hawakuililia MONUSCO. Julai 2022 maandamano ya kuitaka iondoke yalisababisha vifo vya zaidi ya watu 30 katika Goma, Butembo na miji mingine, na hasira hiyo haikutoka hewani: watu walikuwa wameona magari ya kivita yakiwa yameegeshwa huku vijiji vikiungua. Kusema kikosi kilikuwa dhaifu na kusema pengo lake linauma si maneno yanayopingana.

Walioziba pengo

Walikuja wengine. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia, wanajeshi wa Burundi wakiwa Masisi, kikaondoka Desemba 2023 Kinshasa ilipokataa kukiongezea muda. Kikafuata kikosi cha SADC, ambacho viongozi wa jumuiya hiyo waliamua kukimaliza Machi 13, 2025, baada ya Goma kuanguka. Kila kikosi kilipoondoka, mlinzi aliyebaki kijijini alikuwa yule yule: kijana wa hapo hapo mwenye bunduki.

Vijana hao leo wanaitwa Wazalendo. Makundi yaliyokuwa yakipigana wenyewe kwa wenyewe yalikutana Pinga, wilayani Walikale, Mei 2022 na kukubaliana kusimama pamoja dhidi ya M23. NDC-Rénové ya Guidon ilikuwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata Kongo ikapata sheria ya jeshi la akiba. Kwa serikali yenye mfuko mwembamba, ni ulinzi wa bei nafuu. Ila mpiganaji asiye na mshahara anakula. Anachokula kinatoka kwenye bariere, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na kwenye michango inayoitwa ya vita. Machi 2025 Rais Tshisekedi aliagiza mishahara ya wanajeshi na polisi iongezwe mara mbili, hatua iliyokuwa ikisubiriwa kwa muda mrefu. Mzalendo asiye kwenye orodha ya malipo haimhusu.

Isidhaniwe kwamba bariere ni za waasi na wanamgambo peke yao. Taasisi za utafiti IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark zilihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini mwaka 2017, na vingi vilikuwa na watu wa serikali, jeshi likiongoza. Ripoti hiyo ilitoka mwaka ule ule kambi tano zilipofungwa.

Upande mwingine wa mstari wa vita, M23 haihitaji bajeti ya mtu. Iliiteka Rubaya, Masisi, Aprili 30, 2024, mahali panapochimbwa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ilikuwa ikikusanya angalau dola 800,000 kila mwezi kutokana na kodi ya koltani peke yake. Nao wakaazi walirudishiwa salongo, kazi ya lazima ya kurekebisha barabara ambazo koltani hiyo hupitia. Leo mkoa una magavana wawili, mmoja wa serikali akiwa Beni na mwingine wa M23 akiwa Goma, na mfanyabiashara wa jibini au viazi kutoka Masisi anaweza kulipa kwa tawala mbili katika safari moja.

Bajeti ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huanza Julai 1 ya kila mwaka, na mabalozi huijadili New York wiki chache kabla yake. Ya Kongo hupelekwa bungeni Kinshasa kila Septemba. Katika chumba cha kwanza Masisi na Walikale hutajwa ndani ya jedwali. Katika cha pili, Walikale ina wabunge waliochaguliwa mwaka 2023. Masisi bado inasubiri kupiga kura.