Maktaba na Chuo Ni Vyetu Pia

Ndugu wanakikundi, wengi wetu tukienda sokoni hupita mbele ya maktaba bila hata kugeuza shingo. Tunasema, "Hapo ni pa watoto wa shule." Na kweli, ukichungulia ndani utaona meza zimejaa vijana wanaojiandaa kwa mtihani. Mzee mwenye gamubuti, au mama aliyebeba kikapu, huona aibu kuingia.

Lakini hebu tujue haki yetu. Bodi ya maktaba za taifa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 ili ihudumie wananchi wote. Katiba ya 2010 ikaweka maktaba za umma chini ya serikali za kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivyo navyo vilianza kwa kilio chetu: mwaka 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza mtoto akimaliza shule na kukosa nafasi ya kuendelea, aende wapi? Kwa hiyo ukiingia humo huombi msaada. Unaingia kwako.

KWA NINI KIKUNDI KIENDE?

Kwa sababu kutojua kunagharimu pesa. Tukumbuke habari ya kware. Mwaka 2013 watu walisema mayai ya kware yanatibu kila ugonjwa. Vikundi vingi vilivunja akiba, vingine vikakopa, vikanunua ndege na mashine za kuangulia. Kufikia 2014 bei ilianguka vibaya, ndege wakabaki wakila chakula bila faida. Shida haikuwa ufugaji. Wanunuzi wengi walikuwa ni watu wengine wanaotaka kuanza kufuga. Kila mtu alipokuwa na kware wake, nani anunue? Swali hilo moja, lingeulizwa mapema mbele ya mtu anayejua mambo ya soko, lingeokoa akiba ya akina mama wengi.

MFANO WA SWALI ZURI

Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma huuliza: "Mbona mbegu niliyochagua kwa mahindi yangu mazuri haizai kama ile ya dukani?" Wengine hudhani wameonewa wivu, au kampuni imetia dawa. Jibu liko vitabuni, na limeanzia hapa hapa. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa haibridi iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Wazazi wawili wa mbali huzaa mtoto mwenye nguvu. Lakini ukipanda punje za mtoto huyo, wajukuu hutawanyika: mmoja anafuata upande wa mama, mwingine wa babu, na mavuno hushuka. Hakuna uchawi hapo. Kikundi kinachojua hivyo huweka pesa ya mbegu mapema, badala ya kulaumiana wakati wa kuvuna.

JINSI YA KUTEMBELEA MAKTABA

Maktaba za umma ziko hata nje ya miji mikubwa, kwa mfano Kimilili, na Kinyoro upande wa Saboti. Fanyeni hivi:

1. Andikeni swali moja mkutanoni. "Twende tukaone" si swali. "Kwa nini vifaranga wetu hufa kabla ya mwezi?" ni swali.

2. Tumeni watu watatu: mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, maana vitabu vingi ni vya lugha hiyo; mmoja ambaye shida hiyo iko nyumbani kwake; na mmoja mwenye kumbukumbu, hata kama hakusoma.

3. Bebeni vitambulisho. Mkiambiwa muache mifuko mlangoni, msikasirike, si kwamba mnashukiwa wizi. Ulizeni kama kuna ada ya kuingia, na masharti ya kuazima.

4. Msizunguke rafu kwa kubahatisha. Nendeni kwa mkutubi, yule msimamizi wa vitabu, mumwambie swali lenu kwa sauti ya chini. Vitabu hupangwa kwa nambari. Kilimo huanzia 630, mahindi na mazao mengine ya shamba ni 633, mifugo 636, kuku 636.5, nyuki 638. Afya ni 610, ujenzi 690, vyama vya ushirika 334.

5. Andikeni jina la kitabu, ukurasa, na mwaka kilipochapishwa. Mwaka ni muhimu! Kitabu cha zamani kinaweza kusifu DDT, na dawa hiyo ilipigwa marufuku katika kilimo hapa Kenya mwaka 1986. Mkiona jina la dawa, ulizeni kwanza kwa afisa wa kilimo.

KUTOKA KITABUNI HADI CHUONI

Kitabu huambia sikio, chuo huonyesha jicho. Kituo cha Manor House, Kitale, kilianzishwa mwaka 1984 na hufundisha kilimo kisichotegemea mbolea ya dukani. Bungoma kuna kituo cha wakulima cha Mabanga na chuo cha Sang'alo. Andikeni barua au pigeni simu kabla ya kwenda, maana mwalimu ana ratiba yake.

Mkifika, msitosheke na kutazama. Chukua kwa mfano kitanda cha mboga kinachochimbwa mara mbili. Unatoa udongo wa juu sentimita 30, unalegeza sentimita 30 za chini kwa jembe la meno, kisha unarudisha udongo pamoja na mboji. Kwa maneno ni rahisi. Mkononi ni kazi! Ombeni mshike jembe wenyewe, halafu mmuulize mwalimu: kazi hii ni ya siku ngapi, watu wangapi, na hapa kwenu ilishindikana wapi?

MKIRUDI

Hapa ndipo ziara nyingi hufa. Wageni wanarudi na hadithi ya chakula walichopewa, basi. Wale watatu watoe ripoti mkutano unaofuata, kwa lugha ambayo kila nyanya anaielewa, na katibu aandike. Kisha jaribuni kwenye kipande kidogo, msimu mmoja, kando ya kile mlichozoea. Pimeni yote mawili kwa gorogoro. Ikizaa, mwekahazina afungue mfuko. Isipozaa, mmepoteza kipande, hamkupoteza shamba.

Basi mkutano ujao, kabla ya kuchanga, mwenyekiti aulize: swali letu ni lipi, na nani ataenda?