Nyumba ya Mapumziko Ufukoni: Haki ya Mnunuzi na Haki ya Jirani



Pwani ya Kenya, kuanzia Diani hadi Watamu na Malindi, imeshuhudia kukua kwa mitaa ya faragha: nyumba za kifahari zilizojengwa ndani ya ukuta mmoja, zenye mabwawa ya kuogelea, bustani, walinzi wa usiku na mchana na, mahali pengine, uwanja wa gofu. Huko Vipingo, katika Kaunti ya Kilifi, sehemu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya mkonge leo ina nyumba za namna hiyo. Miongoni mwa wanunuzi wamo wageni kutoka Ulaya, wafanyabiashara wa Nairobi, na Wakenya wanaoishi ughaibuni, ambao wamejinyima kwa miaka mingi ili wapate mahali pa kupumzika na, baadaye, pa kuzeekea.

Wamo pia waamini wa Kanisa Katoliki, nao hujiuliza maswali mawili. La kwanza: Je, ni salama kununua? La pili: Je, ni haki mbele ya Mungu kuwa na nyumba ya pili inayokaa tupu miezi mingi ya mwaka, ilhali jirani aliye nje ya lango hana hati ya kiwanja alichozaliwa? Tunapenda kuyajibu maswali haya kwa pamoja, kwa sababu hayatengani. Anayechunguza kwa makini usalama wa mali yake atajikuta, mwishoni, amefika mlangoni kwa jirani yake.

Kinachonunuliwa hasa

Matangazo huonyesha bahari, minazi na machweo ya jua. Mkataba, hata hivyo, huuza haki fulani ya kisheria, na haki hiyo ndiyo inayopaswa kusomwa kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 65, inaeleza kwamba mtu asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa njia ya kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata kama karatasi aliyopewa inataja umilikaji wa milele, sheria itaihesabu kuwa ni miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili haguswi na kizuizi hiki. Mzaliwa wa Kenya aliyepoteza uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine anayo haki, kwa mujibu wa Ibara ya 14, ya kuomba arudishiwe. Ndugu zetu wa ughaibuni wanashauriwa kulikamilisha jambo hili kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

Jambo la pili: katika mitaa mingi ya pamoja, mnunuzi hapati nyumba inayojitegemea. Anapata sehemu yake pamoja na fungu la vitu vya wote, kama vile barabara, bustani, visima na ukuta. Sheria ya mwaka 2020 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inaweka utaratibu wa kila sehemu kuwa na hati yake, na wamiliki kuunda chombo cha kusimamia vitu vya pamoja. Kutokana na hayo huja ada ya huduma, ambayo hulipwa iwe nyumba ina watu au haina. Familia inayopanga bajeti kwa kutazama bei ya nyumba peke yake inaweza kujikuta, baada ya miaka michache, imebeba mzigo usioweza kubebeka kwa mshahara au pensheni.

Jambo la tatu, ambalo ni la hatari zaidi, ni kununua nyumba ambayo bado haijajengwa. Mnunuzi analipa kwa awamu, na anachokishika mkononi ni ahadi. Hapa tunasihi uangalifu mkubwa: upekuzi rasmi ufanyike katika ofisi ya msajili wa ardhi, ili kujua mwenye hati ni nani na kama ardhi imewekwa rehani benki, vibali vya kaunti na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, vionekane, mpima ardhi aliyesajiliwa atembelee mipaka, na mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, asiyekuwa wakili wa muuzaji. Kama ardhi ni ya kilimo, uuzaji usiopata kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi hauna nguvu kisheria. Kama ni mali ya ndoa, ridhaa ya mume au mke wa muuzaji inahitajika. Ushuru wa stempu nao ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 vijijini.

Ardhi yenye kumbukumbu

Hayo yote yakikamilika, bado hati haielezi kila kitu. Ardhi ya Mwambao ina historia yake. Mwaka 1895, ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ulianza kutawaliwa na Waingereza kwa makubaliano. Mwaka 1908 ikatungwa sheria iliyowataka wenye madai ya ardhi katika ukanda huo wajitokeze kuyathibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Jamii za Wamijikenda, ambazo zilitumia ardhi kwa pamoja na kwa desturi, hazikuwa na karatasi zilizotakiwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, hati za kikoloni ziliendelea kutambuliwa. Kwa hiyo familia nyingi zimeishi kwa vizazi kadhaa mahali walipowazika wazee wao, huku zikiitwa maskwota. Katika mji wa Mombasa yako hata makazi yanayojulikana kama nyumba bila ardhi, ambapo mtu anamiliki kuta na paa, na udongo ulio chini yake ni wa mwingine.

Tunayakumbusha haya bila nia ya kumtuhumu kila mwenye hati. Wako waliouziwa kihalali, na ziko ardhi zisizo na mgogoro wowote. Hata hivyo, Ibara ya 40 ya Katiba, inayolinda haki ya kumiliki mali, inasema pia kwamba ulinzi huo hauifikii mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Mnunuzi anayeona makaburi, kisima cha zamani au miembe iliyokomaa ndani ya kiwanja kinachotajwa kuwa kitupu, anapaswa kuuliza ni nani aliyeishi hapo, aliondokaje, na kama alilipwa. Swali hilo linalinda fedha zake na linalinda dhamiri yake kwa wakati mmoja.

Ufuko ni wa wote

Mara nyingi tangazo huahidi ufuko wa faragha. Ni vyema ieleweke kwamba Ibara ya 62 ya Katiba inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Hakuna awezaye kuinunua wala kuiuza. Lakini haki iliyoandikwa haimfikishi mtu baharini. Kinachomfikisha ni njia. Pale kuta zinapoungana, kiwanja kwa kiwanja, ufuko hubaki wa umma katika vitabu tu. Mvuvi hulazimika kuzunguka mbali ili alifikie diko lake, na mama anayetafuta pweza katika miamba maji yanapokupwa hukuta lango mahali palipokuwa na kichochoro cha bibi yake.

Mazingira nayo hayajui mipaka ya ukuta. Kasa hutaga mayai mchangani, na taa kali za majumba huwapoteza makinda yao, yakaelekea nchi kavu badala ya baharini. Ukuta unaojengwa kuzuia mawimbi mbele ya nyumba moja huweza kuuhamishia mmomonyoko kwa jirani. Maji ya chini ya ardhi katika miamba ya matumbawe, yakivutwa kupita kiasi kwa ajili ya mabwawa na bustani, hufuatwa na maji ya chumvi, na wa kwanza kuonja chumvi hiyo ni wanakijiji wanaotegemea visima vifupi.

Mama Kanisa anatufundisha nini?

Kanisa halijapata kufundisha kwamba kuwa na mali ni dhambi. Papa Leo XIII, katika Waraka wake wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliitetea haki ya mtu binafsi kumiliki mali, na papo hapo akadai ujira wa haki kwa mfanyakazi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikumbusha kwamba Mungu ameikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Mtakatifu Paulo VI alirudia mwaka 1967 kwamba haki ya kumiliki si haki isiyo na masharti. Naye Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 45, aliligusa jambo letu moja kwa moja aliposikitikia maeneo yenye uzuri wa pekee kugeuzwa kuwa ya watu binafsi, na mitaa kufungwa ili wachache wapate utulivu wa kujitengenezea.

Pumziko lenyewe ni jema. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana Yesu anawaalika mitume waende mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Lakini wanapofika wanakuta umati umewatangulia. Bwana hawafukuzi, anawaonea huruma na kuanza kuwafundisha. Faragha ya Kikristo, basi, ni ile inayobaki na sikio kwa aliye nje.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kinatupa onyo la upande wa pili. Mfalme Ahabu, alipolitamani shamba la Nabothi, alianza kwa kutoa bei nzuri, au shamba lingine lililo bora zaidi. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Dhuluma ilianza pale kukataa kwake kulipochukuliwa kuwa kosa. Yapo mambo ambayo bei nzuri haiyamalizi.

Wajibu wa kila upande

Kwa mnunuzi tunapendekeza haya. Azungumze na wazee na majirani kabla ya kulipa, wala asitosheke na maneno ya dalali. Katika mkutano wa wamiliki, awe wa kwanza kudai kwamba njia ya kwenda baharini ichorwe katika ramani na iachwe wazi. Walinzi, wapishi na watunza bustani walipwe ujira wa haki, kwa mkataba na michango yao ya uzeeni na ya afya, hata katika miezi ambayo mwenye nyumba hayupo. Na nyumba isikae tupu bure: jamaa mgonjwa anayehitaji hewa ya bahari, au familia isiyoweza kulipia hoteli, wanaweza kuwa wageni wake.

Kwa familia za pwani zinazofuatwa na madalali, neno letu ni hili: ardhi huuzwa mara moja, na watoto huzaliwa kila kizazi. Msiuze kwa siri ya mtu mmoja. Kaeni kikao cha ukoo, akina mama na vijana wakiwemo, mtafute wakili wenu wenyewe, na mfikirie kukodisha kwa miaka maalumu au kuuza sehemu tu badala ya kuuza yote. Kusema hapana, kama Nabothi, ni haki yenu.

Ni desturi njema ya waamini kumwita padre aibariki nyumba mpya. Tunawaalika wale watakaobarikiwa kupata nyumba ufukoni wamwalike siku hiyo pia jirani wa ng'ambo ya ukuta: mvuvi, mwalimu wa kijiji, mama muuza samaki, awe Mkristo au Mwislamu. Wale pamoja, wajuane kwa majina, kisha waiendee bahari kwa njia moja. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, nyinyi mnaokaa ndani ya lango nanyi mnaokaa nje yake.