Mbwa Anayezurura na Usalama wa Watoto Wetu



Katika familia zetu nyingi mbwa ni mlinzi. Mchana hufungwa bandani na usiku hufunguliwa. Wengine hawafungwi kabisa. Lakini mbwa aliyefunguliwa hakai uani kama hakuna ua. Huenda machinjioni, jalalani au sokoni watu wakishatawanyika. Huko hukutana na mbwa wa mitaa mingine. Hucheza nao, hugombania mifupa, na huumana. Alfajiri hurudi na kulala mlangoni, nao watoto humshika wakienda shule. Hakuna ajuaye huko usiku alikutana na nani. Ndiyo sababu mwezi huu tunazungumzia kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa ni nini?

Ni ugonjwa unaoletwa na virusi ambavyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa jeraha, macho au midomo. Kutoka hapo virusi husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Baadaye mgonjwa hupata homa, huhisi kuwashwa au kuchomwachomwa penye kovu, hushtuka kwa upepo na hushindwa kunywa maji kwa hofu. Huyu hajarogwa wala hana pepo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 hivi ni watoto chini ya miaka 15. Watoto hucheza na mbwa, na mara nyingi huficha walipong'atwa wakiogopa kuchapwa. Wazazi, waambieni watoto wenu kwamba akisema hataadhibiwa.

Utamtambuaje mbwa mgonjwa?

Tabia yake hubadilika. Mpole huwa mkali, na mkali huweza kuwa mpole ghafla. Hutokwa mate mengi, sauti yake hubadilika, huuma vitu bila sababu au hutembea akipepesuka. Wengine hawawi wakali, bali hujificha gizani, taya limelegea na hawawezi kumeza. Hapo mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono. Usifanye hivyo kamwe.

Mtu aking'atwa afanye nini?

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kama hakuna bomba, mwagia kwa kata au jagi. Sabuni ya kufulia inafaa. Hii ni dawa ya kwanza, nayo ipo katika kila nyumba.

2. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala majani. Usilifunge jeraha kwa kubana.

3. Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Utapewa sindano za chanjo kwa siku zilizopangwa. Siku hizi hazichomwi tumboni, bali begani, na kwa watoto wadogo pajani. Jeraha likiwa baya, hutolewa pia dawa ya kinga ndani ya jeraha lenyewe.

4. Maliza sindano zote. Kujisikia mzima si sababu ya kuacha, kwani virusi husafiri kimya kimya.

5. Usikimbilie kumwua mbwa kama anaweza kufungwa salama. Mwite afisa mifugo amwangalie kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi katika mate siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini usingoje siku hizo ndipo uanze matibabu.

Wapo wanaoacha mbwa walambe vidonda vyao, wakimkumbuka Lazaro wa Injili ya Luka. Mfano ule unatufundisha juu ya tajiri asiye na huruma. Haufundishi kutibu vidonda. Kidonda kioshwe na kufunikwa.

Kinga

Mchanje mbwa wako kila mwaka, na paka pia. Tunza kadi ya chanjo. Mfunge, au jenga ua, ili ulinzi wake uwe nyumbani kwako. Mabaki ya nyama yafukiwe, kwani ndiyo yanayowakusanya mbwa pamoja.

Lakini kaya moja haitoshi. Ili ugonjwa ukome mahali, yapasa kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ulirudi, na uchanjaji ukabidi kuanzishwa tena ndipo ukazuiwa. Kwa hiyo tusichanje mwaka mmoja tukasahau.

Hapa jumuiya ndogo ndogo zinaweza kusaidia sana. Kila jumuiya ihesabu mbwa wake, kisha viongozi wamwone afisa mifugo wa kata wapange siku moja ya chanjo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na siku sita baadaye, 4 Oktoba, ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambapo parokia nyingi duniani hubariki wanyama. Ni wakati mzuri wa kuleta mbwa wetu wakiwa wamefungwa kamba. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi kuliko sindano za mtoto mmoja, na ni rahisi mno kuliko jeneza.

Leo jioni, kabla hujamfungua mbwa wako, jiulize: je, amechanjwa mwaka huu?