Simu ya Upepo ya Mkononi: Ununue Ipi?

Ndugu mkulima, huenda umeona simu ndogo za upepo zinazoshikwa mkononi, zikiuzwa kwa bei rahisi, ukatamani kununua mbili: moja yako na moja ya ndugu yako aliye katika skimu ya pili. Jambo hilo si baya. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na sote tunajua ya kuwa simu ya kawaida haina faida mlingoti wake ukikosa nguvu. Redio ya mkononi haihitaji mlingoti. Sauti hutoka redio moja ikaingia ya pili. Lakini kabla hujatoa fedha, soma maneno haya.

Kwanza, leseni. Huruhusiwi kutumia chombo cha kupeleka sauti bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hiyo ni sheria ya mwaka 1998, na anayeivunja aweza kutozwa faini au kufungwa. Mwenye leseni ya redio ya ridhaa hupewa jina lake la hewani, nalo huanza na 5Z. Leseni hiyo ni ya kujifunza, kuzungumza na wenzako, na kusaidia wakati wa maafa. Si ya biashara. Ukitaka kuita lori la maziwa au kuwaagiza wafanyakazi shambani, yakupasa kuomba leseni ya namna nyingine. Tena uliza kama aina ya redio unayoitaka imekubaliwa na Mamlaka.

Pili, usidanganywe na wati. Redio nyingi za namna hii zina wati 5. Muuzaji akikuambia yake ina wati 8, usidhani itafika mbali sana zaidi. Mawimbi haya huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Yakikuta mlima, hukwama. Mlima Menengai, wenye kimo cha meta 2,278, waweza kumzuia mtu wa mjini Nakuru asisikiane na mwenzake wa Solai, hata kila mmoja akiwa na wati 8. Katika nchi tambarare yenye miti, tegemea kilomita chache tu. Lakini ukisimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, redio ile ile yaweza kusikika makumi ya kilomita. Basi tafuta mahali pa juu na eriali nzuri kabla ya kununua wati.

Tatu, linganisha. Baofeng UV-5R ya China ni rahisi, na betri na eriali za akiba hazina shida kupatikana. Lakini ile ya kwanza huchajiwa juu ya kitako chake. Quansheng UV-K5, nayo ya China, ina tundu la USB-C, kwa hiyo waweza kuichaji kwa umeme wa jua kama unavyochaji simu. Pasipo na nguzo za stima, hiyo ni faida kubwa. Yaesu, kampuni ya Japani, ina FT-65R. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini imetengenezwa istahimili vumbi na matone ya maji. Mkulima wa Molo au Mau Narok, penye mvua na baridi, aifikirie.

Nne, ukiisha kuipata, kaa mahali pako. Nafasi ya redio za ridhaa ni megahezi 144 hadi 146, na 430 hadi 440. UV-5R huweza kupeleka sauti kuanzia 136 hata 174, yaani hata kwenye nafasi za watu wengine. Ukibonyeza ovyo, waweza kuziba sauti ya mtu anayeita gari la wagonjwa.

Basi fuata utaratibu huu: leseni kwanza, redio baadaye. Na kabla ya kununua, mtafute mtu mwenye leseni, umwombe ajaribu redio yake kutoka shambani kwako. Ikiwa kilima kinazuia sauti yake, kitazuia na yako, na fedha zako zitanunua mbolea.