Nukta Moja Yaweza Kumwokoa Mgonjwa au Kumwangamiza

Wananchi wengi wamwonapo mwuguzi ameshika bomba la sindano hudhani kwamba kazi yake ni kuchoma tu. Kumbe kabla sindano haijagusa mwili, mwuguzi huyo amekwisha kufanya hesabu, na uhai wa mgonjwa umo ndani ya hesabu hiyo.

Mwanafunzi wa uuguzi huanza na ngazi ya vipimo. Gramu 1 ni miligramu 1,000, na miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Majina hayo yanafanana masikioni, lakini atoaye miligramu mahali pa mikrogramu amezidisha dawa mara elfu.

Natutazame malaria kali, adui tunayemfahamu sote. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto mwenye uzito wa chini ya kilo 20 apewe atesuneti ya sindano, miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15, basi, anastahili miligramu 45. Lakini bomba halipimi miligramu, hupima mililita. Kichupa cha unga wa miligramu 60, kikichanganywa kwa ajili ya mshipa, hutoa mililita 6, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Mtoto wetu atapata mililita 4.5. Kikichanganywa kwa ajili ya msuli hutoa mililita 3, yaani miligramu 20 katika kila mililita, naye atapata mililita 2.25. Dawa ni ile ile na mtoto ni yule yule, ila alama ya bomba imebadilika. Asiyekumbuka hayo atatoa nusu ya dawa, au maradufu.

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa tulijifunza jambo kama hilo katika ramani ya 1:50,000, ambamo sentimita 2 ni kilometa 1. Aliyekosea kugeuza aliwapoteza wenzake porini. Kwa hiyo tulizoeshwa kujiuliza: je, jibu hili laweza kuwa kweli? Mwuguzi naye afanye hivyo. Nukta ikimponyoka akapata mililita 45, itambidi avunje vichupa 8 kwa mtoto mmoja. Hapo na asimame, arudie hesabu.

Tena kuna kanuni za kalamu. Huandikwa 0.5, wala si .5, huandikwa 5, wala si 5.0. Nukta ikififia karatasini, nusu husomwa tano, na tano husomwa hamsini. Kisha mwenzake aihakiki hesabu hiyo peke yake, bila kuonyeshwa jibu kwanza.

Wanafunzi wa uuguzi wasione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. Nasi wazazi tunalo fungu letu. Hesabu yote hiyo huanzia kwenye uzito wa mtoto. Tutakiwapo kumweka mtoto mizanini, tusinung'unike kwamba tunacheleweshwa. Hapo ndipo matibabu yanapoanza.