“Shetani Alinipitia”: Majaribu na Wajibu wa Mkristo

Utangulizi

Mchungaji yeyote aliyeketi na baraza la wazee wa usharika, iwe Mufindi au Rungwe, amekwisha kulisikia jibu hili: “Shetani alinipitia.” Mtu ametumia fedha za sadaka, au ameiacha nyumba yake, au ameurudia ulevi, naye akiulizwa, humtaja Shetani na kunyamaza. Makala hii inakusudia kulichunguza jibu hilo kwa nuru ya Maandiko na mafundisho ya Kilutheri, na kuonyesha kwa nini mtumishi wa Neno asilipokee upesi, wala asilidharau.

1. Maana ya neno “majaribu”

Biblia yetu ya Kiswahili hutumia neno majaribu kwa mambo mawili. Kwanza ni kipimo cha imani: hivyo Mungu alimjaribu Ibrahimu (Mwa. 22:1). Pili ni kivutio cha kutenda uovu, ambacho ndugu zetu Wakatoliki, katika Sala ya Bwana, hukiita kishawishi. Neno la Kigiriki peirasmos hubeba maana zote mbili, na kwa sababu hiyo Yakobo analazimika kuzitenganisha. Katika Yak. 1:13–15 anakana kwamba Mungu humvuta mtu kwenye uovu. Kisha anaeleza njia ya dhambi kwa mfano wa uzazi: tamaa ya mtu mwenyewe huchukua mimba na kuzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Tuangalie kwamba katika aya hizo Shetani hatajwi. Anatajwa baadaye (4:7), na hapo msomaji anaagizwa kumpinga. Aliyepewa agizo atadaiwa jibu.

2. Kujaribiwa na kukubali

Bwana wetu alijaribiwa kama sisi, lakini hakutenda dhambi (Ebr. 4:15). Basi kujaribiwa peke yake si kuanguka. Ni kweli kwamba Ungamo la Augsburg (1530), kifungu cha 2, linahesabu tamaa iliyo ndani yetu kuwa dhambi ya asili, hatuwezi kuisifu. Hata hivyo Luther, katika Katekisimo Kubwa (1529), alitofautisha kuyasikia majaribu na kuyakubali. Mkristo atayasikia mpaka kufa. Kuyakubali ni jambo jingine.

Watu wa Iringa wanao mfano ulio karibu. Wakati wa mvua mianzi hugemwa, na ulanzi uliotoka mpya ni mtamu. Ukiachwa, huchacha wenyewe bila kuamriwa na mtu. Lakini haujipeleki kinywani. Kati ya chombo na kinywa upo mkono, na mkono huo una mwenyewe.

3. Makosa mawili ya kichungaji

Katekisimo Ndogo, katika ombi la sita la Sala ya Bwana, inataja maadui watatu: Ibilisi, ulimwengu, na mwili wetu wenyewe. Makosa yetu hutokea tunapomchagua mmoja na kuwasahau wengine.

Kosa la kwanza ni kumtaja Ibilisi peke yake. Siku hizi, mijini na vijijini, kila udhaifu hupewa jina la pepo: pepo la ulevi, pepo la uzinzi. Hatukani kuwapo kwa pepo, maana Injili zinawashuhudia. Lakini mtu aliyeombewa tu, bila kuulizwa alilotenda, hurudi nyumbani amefunguliwa katika jambo ambalo hakukiri kamwe kuwa ni lake.

Kosa la pili ni kuutaja mwili wa mtu peke yake, na kuusahau ulimwengu. Tafiti za kitaifa za 2016–2017 na 2022–2023 zilionyesha Njombe, Iringa na Mbeya kuwa na viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya VVU nchini. Mhubiri anayesema kwamba kila mgonjwa anavuna alichopanda anawahukumu wake waaminifu walioambukizwa katika ndoa, na watoto waliozaliwa nayo. Bwana alilikataa wazo hilo (Yn. 9:1–3). Kuwajibika kwa tendo letu si sawa na kubebeshwa lawama kwa kila lililotupata.

Ungamo la Augsburg latupa kipimo. Kifungu cha 18 kinafundisha kwamba utashi wa mtu una uhuru kiasi katika mwenendo wa nje, lakini bila Roho Mtakatifu hauwezi kuleta haki mbele za Mungu. Kwa hiyo mlevi anaweza, tena anapaswa, kupita njia isiyo na kilabu atokapo shambani. Lakini hawezi kujiumbia moyo mpya.

4. Urithi wetu

Tusidhani kwamba wajibu huu uliletwa na wamisionari wa Berlin na wa Moravian walioingia Konde mwaka 1891. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba mkosaji aliogopa “pumzi ya watu”, yaani hasira ya majirani iliyoaminiwa kuleta ugonjwa. Imani hiyo ilikuwa na hofu nyingi, na Injili imetuweka huru nayo, lakini ilimfanya mgonjwa ajiulize, “Nimetenda nini?” Swali hilo tusilipoteze.

5. Kwa nini mtu aseme “mimi”

Adamu alimtaja mkewe, naye Hawa akamtaja nyoka (Mwa. 3:12–13). Maneno ya Hawa yalikuwa kweli, kwa maana alidanganywa. Wala hayakumwondolea wajibu. Daudi hakumtaja yeyote ila nafsi yake, na papo hapo Nathani akamtangazia msamaha (2 Sam. 12:13).

Hapa ndipo lilipo jambo zito kwa wachungaji. Ondoleo la dhambi hutamkwa kwa mtu: “wewe” umesamehewa. Shetani hatubu, wala hakuna ondoleo linalotamkwa juu yake. Dhambi iliyotundikwa kwake hubaki bila kusamehewa, na aliyeitenda hubaki nayo.

Hitimisho

Basi, ndugu wachungaji na wanafunzi, mtu akija na kusema kwamba Shetani alimpitia, tusimkemee. Tumkubalie kwamba adui yupo, kisha tumwulize kwa upole, faraghani: “Na wewe ulifanya nini?” Tumsikilize mpaka mwisho. Tumwonyeshe mlango wa kutokea ambao Mungu ameahidi (1 Kor. 10:13), na tumtamkie ondoleo waziwazi. Wakati huohuo tujiangalie nafsi zetu, kama Paulo anavyowaagiza wanaomrejeza aliyeanguka (Gal. 6:1), kwa kuwa ombi la sita ni letu pia.