Mali ya Nani? Utangulizi wa Sheria ya Mirathi na Biashara

Huenda unadhani mirathi ni habari ya msiba na biashara ni habari ya soko. Kwa wakili wa Bukavu, nchini Kongo (DRC), hayo huja pamoja: muuza vitenge wa Kadutu akifariki, nyumba na duka hugombewa kwa siku moja, maana faida ya duka ndiyo iliyojenga nyumba.

Wengi huanza kwa kuuliza nani atarithi. Nakusihi utangulize swali jingine: mali ilikuwa ya nani? Tuseme mume na mke wamechuma pamoja mali ya dola 96 000, nyumba ikiwamo. (Ardhi yenyewe ni ya Serikali, kwa sheria ya 1973; familia ina jengo na haki juu ya kiwanja, na cheti cha usajili ndicho ushahidi wake.) Wasipochagua utaratibu mwingine, sheria huwaweka katika ushirika wa machumo, yaani walichokipata ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Mume akifa, dola 48 000 ni za mke tangu awali. Hazirithiwi na mtu. Nusu ya pili ndiyo mirathi.

Sasa tugawe. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwapa watoto robo tatu, dola 36 000, wa kike sawa na wa kiume. Aliyezaliwa nje ya ndoa yumo pia, mradi alitambuliwa kisheria baba akiwa hai. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Makundi yote matatu yakiwapo, kila moja hupata 1/12 ya mirathi, dola 4 000.

Usishtuke ukidhani mjane ameonewa. Ana nusu yake, tena ana haki ya matumizi, yaani kuishi katika nyumba ya ndoa bila kuimiliki yote. Jamaa wanaomtoa nje kwa jina la mila wanavunja sheria, na ninakuomba ulishike hilo kuliko hesabu zote. Lakini ndoa iwe imeandikishwa: mahari peke yake humwachia kazi ngumu ya kuithibitisha.

Na duka? Tangu 12 Septemba 2012 Kongo hufuata sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Duka la mtu binafsi huingia katika mirathi pamoja na madeni yake. Kampuni ina nafsi ya kisheria: humiliki bidhaa na kudaiwa kwa jina lake, nao warithi hupokea hisa. Hata mtu mmoja anaweza kuanzisha SARL, kampuni ambayo mwanachama hapati hasara kuzidi alichochangia. Katiba yake yaweza kuamua mapema kama warithi wataingia au watalipwa thamani ya hisa. Kwangu, hicho ndicho kifungu chenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika.

Wosia tutauchambua katika sura ijayo, pamoja na mpaka wake: haugusi robo tatu ya watoto. Kwanza soma kifungu cha 758 cha Kanuni ya Familia, kisha chora kwenye karatasi warithi wa familia unayoijua.